Mtoto, Jembe na Ufunguo

Mary Lennox anakutwa peke yake katika nyumba ya watu waliokufa. Kipindupindu kimepita katika kambi ya Waingereza huko Bara Hindi. Baba amekufa, mama amekufa, yaya aliyemlea amekufa, na watumishi waliosalia wamekimbia bila hata mmoja kukumbuka kwamba chumbani kuna mtoto. Maofisa wanaokuja kuikagua nyumba wanashtuka kumwona amesimama pale, amenuna, akiuliza kwa nini hakuna mtu anayekuja. Ana miaka tisa hivi.

Yusuf ana miaka 12 anapopandishwa treni kutoka Kawa, mji mdogo ambako baba yake anaendesha hoteli. Anaambiwa anakwenda kukaa kwa Aziz, mfanyabiashara mkubwa anayenukia manukato, ambaye kila akipita mjini kwao humwachia sarafu ya anna kumi. Safari inamfurahisha, maana treni ameitazama siku nyingi. Hajui kwamba baba yake anadaiwa, na kwamba yeye ndiye rehani.

Kisa cha kwanza ni cha Frances Hodgson Burnett katika The Secret Garden, kitabu cha mwaka 1911. Cha pili ni cha Abdulrazak Gurnah katika Paradise, riwaya ya mwaka 1994, ambayo tangu 2022 tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota. Waandishi hawa wana jambo moja ambalo wasomaji wachache hulitaja: wote wawili walihama makwao wangali vijana, na wote wawili waliishi Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Burnett alizaliwa Manchester mwaka 1849 na kuhamia Tennessee, Marekani, mwaka 1865. Baadaye, kati ya 1898 na 1907, alipanga nyumba ya Great Maytham Hall huko Kent, akaifufua bustani kuukuu iliyozungushiwa ukuta. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka baada ya Mapinduzi, akafundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent. Na kila mmoja, alipotaka kueleza namna mtoto mpweke anavyotafuta pa kukaa duniani, alimpeleka kwenye nyumba kubwa isiyo yake, akaweka ndani ya nyumba hiyo bustani yenye ukuta na mlango.

Mtoto mmoja anaipata bustani na mwingine anaikosa. Ukifuatilia sababu utafika mbali kuliko tofauti ya tajiri na maskini, au ya mzungu na mweusi, ingawa hizo zimo. Utafika kwenye swali la nini hasa humgeuza mtoto mgeni kuwa mwenyeji.

Nyumba anayopelekwa Mary, Misselthwaite Manor, ina vyumba vinavyokaribia 100, vingi vimefungwa. Iko pembezoni mwa nyika ya baridi ya Yorkshire, na mwenyewe, Archibald Craven, amefiwa na mke miaka kumi iliyopita na hataki kumwona mtu. Mtoto anapewa chumba, chakula na onyo la kutozurura. Asubuhi ya kwanza anasimama akingoja kuvishwa nguo. Huko alikotoka hajawahi kufunga kifungo kwa mkono wake. Martha, msichana wa kazi, anamshangaa waziwazi na kumuuliza kama hawezi kujivisha. Hakuna dharau katika swali hilo. Martha hajapata kufunzwa namna ya kunyenyekea mbele ya watoto wa mabwana, kwa hiyo anamsemesha Mary kwa lahaja ya kwao, kama anavyowasemesha wadogo zake.

Kwa kina Martha wako watoto 12, na baba yao anapata shilingi 16 kwa wiki. Siku moja Martha anarudi kutoka kwao na zawadi iliyonunuliwa kwa peni mbili zilizotolewa katika mshahara wake: kamba ya kuruka. Mama yake, Susan Sowerby, ndiye aliyeona kwamba mtoto aliyefungiwa ndani ya nyumba kubwa anahitaji kamba. Mary anaigeuzageuza mkononi, hajui ni kitu gani. Martha anasimama katikati ya chumba na kuruka mpaka anafika mia, kisha anamkabidhi. Mary anataka kushukuru na hajui watu hushukuruje, kwa hiyo anamnyooshea mkono kama mtu mzima anayeagana na mgeni. Mimi nauona ukurasa huo kuwa bora kuliko yote katika kitabu. Mtoto aliyezoea kupewa kila kitu anapewa kwa mara ya kwanza kitu ambacho mtoaji amejinyima ili akitoe, na kupokea kwenyewe inabidi aufunze mwili wake.

Kamba inamtoa nje, na nje anakutana na mzee Ben Weatherstaff, mtunza bustani asiyependa watu, anayemwambia bila kuficha kwamba wao wawili wanafanana kwa ubaya wa sura na ukali wa tabia. Ndege mdogo mwenye kifua chekundu anamwonyesha udongo uliofukuliwa, na katika udongo huo kuna ufunguo. Bustani ya marehemu bibi wa nyumba imefungwa miaka kumi. Mary akishaingia, kitu cha kwanza anachofanya ni kupalilia. Anaona vichipukizi vimesongwa na majani, anatafuta kijiti chenye ncha, anapiga magoti, anavitengenezea nafasi ya kupumua. Hakuna aliyemtuma. Baadaye Dickon, mdogo wake Martha, anamletea sepetu ndogo, reki na uma wa bustani, vilivyonunuliwa kwa fedha ya Mary mwenyewe. Na siku Craven anapokubali hatimaye kumwona, akamuuliza kama anataka wanasesere au vitabu, Mary anaomba kipande cha ardhi cha kupanda mbegu. Craven anamruhusu kuchukua popote pasipotumika.

Msomaji wa Kiswahili akifika hapo hawezi kuacha kukumbuka kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuusikia msemo huo ukitumika kumsuta mgeni anayekawia. Lakini kwa mtoto aliyeletwa nyumbani akiwa hana pengine pa kurudi, jembe hilo ni rehema. Mgeni halimi, hukaa kwenye kiti akitazama wenyewe wakifanya kazi, na kila kijiko anachokula kinamkumbusha kwamba si mmoja wao. Siku anayopewa jembe ndiyo siku anayohesabiwa pamoja na wenye shamba. Susan Sowerby hajapata kuusikia msemo huo, lakini alivyotenda ni kama amelelewa nao.

Johanna Spyri, Mswisi, alikuwa amelijua jambo hilo miaka 30 kabla ya Burnett. Katika Heidi, ambacho sehemu zake mbili zilitoka mwaka 1880 na 1881, mtoto yatima wa miaka mitano anaachwa na mama yake mdogo kwa babu mlimani, juu ya Maienfeld. Babu ni mtu aliyegombana na kijiji kizima. Haongei sana, wala hamkumbatii. Anamwacha achague mwenyewe pa kulala, naye anachagua kwenye dari penye majani makavu, karibu na kidirisha kinachoonyesha bonde. Kisha babu, akiona kwamba hata kwenye kiti chake mtoto hataifikia meza, anachukua kipande cha mti na shoka, anachonga, anatoboa, anapigilia, na kabla Heidi hajaelewa kinachotengenezwa, kigoda kimekwisha, kimepimwa kwa urefu wake. Nyumba yenye kigoda chako imekwisha kuamua kwamba utakuwepo kesho. Asubuhi yake Heidi anakwenda malishoni na Peter, mchunga mbuzi.

Spyri anakwenda mbali zaidi, na hapa ndipo somo linapokuwa gumu. Heidi anachukuliwa kupelekwa Frankfurt akae na Clara, binti tajiri asiyeweza kutembea. Huko anapata rafiki wa kweli, maana Clara anampenda. Anapata vitanda laini, walimu, mikate myeupe. Anapata kila kitu isipokuwa ruhusa ya kuondoka. Anaficha huzuni yake mpaka inamtoka usiku: anatembea akiwa usingizini, anafungua mlango wa mbele wa nyumba, na watumishi wanadhani ni mzuka. Daktari ndiye anayeng'amua kwamba mtoto anaugua kwa kutamani kwao, na dawa ni kumrudisha. Kwa hiyo urafiki peke yake hautoshi, na wema wa wenyeji hautoshi. Mtoto anayepokewa vizuri mahali asipoweza kupatoka anaweza kukondeana mezani penye vyakula vyote.

Na kazi nayo ina upande wake mchungu. Nchini Kanada, katika Anne of Green Gables cha L. M. Montgomery cha mwaka 1908, Marilla na Matthew Cuthbert, kaka na dada wazee, wanaagiza mtoto yatima wa kiume awasaidie shambani, na kwa kosa wanaletewa msichana mwenye nywele nyekundu anayeongea bila kupumua. Tunacheka na kulia na Anne, tunafurahi anapompata Diana Barry wakaapizana urafiki wa milele. Tunapita haraka mwanzoni, pale Marilla anaposimulia kwamba Matthew alifikiria kwanza kuchukua mmoja wa watoto wa Barnardo. Hao walikuwa watoto halisi. Kuanzia mwaka 1869 hadi miaka ya 1930, watoto wapatao 100,000 wa Kiingereza walisafirishwa na mashirika ya hisani, kama hilo la Barnardo, kwenda Kanada, wengi kuwa wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani kwa mikataba. Wako waliopata wazazi. Wako waliolala mazizini. Jembe walipewa wote.

Turudi kwa Yusuf. Usiku wa kwanza kwa Aziz anakaribishwa barazani, nje ya duka, kwenye mkeka, pembeni ya Khalil, kijana wa miaka 17 au 18 anayeliendesha duka hilo. Mbwa wa mitaani wanakuja usiku kuwazunguka na kumtisha. Khalil anamcheka, anamwita kifaurongo, anamfundisha kuhesabu fedha, kuwajibu wateja, kujilinda na watu wazima wenye mikono mirefu. Na anamfundisha jambo zito kuliko yote: Aziz si ami yako, mwite Seyyid. Khalil mwenyewe aliletwa kwa sababu ya deni la baba yake. Analijua neno hilo kwa uchungu wake wote, na analitoa kwa ukali, kama mzazi anayemfundisha mtoto kuogopa moto.

Huu ni urafiki, na ni mkubwa. Sijui katika fasihi yetu mahali pengine ambapo vijana wawili wanalala baraza moja miaka na miaka, wakifanyiana utani, wakigombana, mmoja akimponda mwenzake kwa maneno ili asije akaumizwa na matumaini. Nyuma yao iko bustani. Ina birika la maji katikati, mifereji inayokwenda pande nne, michungwa na mikomamanga, na kwenye miti vioo vimetundikwa ili Bibi wa nyumba, aliyejifungia ndani kwa sababu ya alama usoni, aweze kuitazama bila kutoka. Yusuf anaingia humo kwa woga, anazoea, anamsaidia mtunza bustani Mzee Hamdani kufagia na kusafisha mifereji. Mikono yake inafanya kazi ileile inayofanywa na mikono ya Mary. Anapewa jembe, na bustani inabaki kuwa ya Seyyid.

Gurnah hakumwita mvulana wake Yusuf kwa bahati. Kila aliyepita chuoni anamjua Nabii Yusuf, mtoto aliyetupwa kisimani na nduguze, akauzwa Misri, akafikia nyumba ya mkubwa ambaye Qurani inamtaja kwa cheo cha Al-Aziz. Katika sura hiyo ya 12, mnunuzi anamwagiza mkewe amtunze mtoto kwa heshima, kwani huenda akawafaa au wakamfanya mwana. Nimekaa na aya hiyo muda mrefu kwa sababu njia zote mbili zimo ndani yake, zimewekwa bega kwa bega katika kauli ya mtu mmoja. Atufae, au awe mwanetu. Watoto wote wa visa hivi wamesimama mbele ya njia panda hiyo, na kwa kawaida wenye nyumba hawasemi wamechagua ipi. Pengine wenyewe hawajui.

Kisa cha Zayd bin Haritha kinaonyesha lililo gumu zaidi. Zayd alitekwa angali mtoto, akauzwa sokoni, akafikia kwa Bi Khadija, naye akampa Mtume Muhammad, ambaye mwenyewe alikuwa yatima aliyelelewa na babu, kisha na ami. Baba yake Zayd alimtafuta miaka mingi. Alipopata habari zake alikwenda Makka pamoja na ndugu yake, wamebeba fidia. Mtume hakuitaka fidia. Alimwachia kijana achague, na Zayd akachagua kubaki. Watu hukisimulia kisa hiki kusifu upendo wa Zayd, na ni haki. Mimi kinachonigusa ni kile kilichotangulia: mlango ulifunguliwa kwanza. Kubaki kwake kulikuwa na thamani kwa sababu angeweza kuondoka na baba yake jioni ileile.

Mzee Hamdani wa Peponi ni kama kivuli cha Zayd kilichopinda. Bibi alipoolewa alitaka kumwachia huru, naye hakuipokea zawadi hiyo, akisema kwamba uhuru si kitu walichokichukua hata waweze kukitoa. Ni maneno ya heshima kubwa. Lakini Yusuf, kijana anayetafuta njia ya kuishi, anayasikia na hapati cha kushika. Mzee ameupata uhuru wake ndani ya kifua, akiendelea kutunza maua ya mtu mwingine. Yusuf anataka uhuru wenye miguu.

Urafiki wa watoto hawa, ukiuangalia vizuri, hautoki kwa waliowapokea rasmi. Craven hampi Mary rafiki, wala Aziz hampi Yusuf. Unatoka ukingoni mwa nyumba: kwa msichana wa kazi, kwa mchunga mbuzi, kwa kijana wa dukani mwenye deni la baba. Aliyeko ukingoni anamwona haraka aliyefika ukingoni. Na mtoto naye haji mikono mitupu. Misselthwaite ina mtoto mwingine aliyefichwa, Colin, mwana wa Craven, anayelia usiku kwa kuamini kwamba atakufa. Mary anamfuata kwa sauti ya kilio, na usiku anaposhindwa kulala anampapasa mkono na kumwimbia kwa sauti ya chini wimbo wa Kihindustani, kama yaya wake alivyokuwa akimfanyia. Huo ndio mwanzo wa mapenzi yao, na umetoka kwa mwanamke aliyekufa kwa kipindupindu mwanzoni mwa kitabu. Burnett hakumpa jina. Kwake Bara Hindi ni mahali pa joto na maradhi ambapo mtoto alidhoofika, na Uingereza ni hewa safi iliyomponya. Lakini mkono wa kwanza uliomtuliza Mary usiku ulikuwa wa yaya huyo, na kitabu hakikai hata mstari mmoja kumlilia. Kwa hilo nina kinyongo nacho, pamoja na kukipenda.

Nina kinyongo cha pili. Katika sura ya mwisho Colin anatoka mbio bustanini, mzima, na kuangukia mikononi mwa baba yake. Baba na mwana wanarudi nyumbani wakitembea pamoja, watumishi wanashangaa. Mary hayumo katika picha hiyo. Aliyeupata ufunguo, aliyepalilia kwa kijiti, aliyemtoa mgonjwa kitandani, amesahauliwa na mwandishi wake kama alivyosahauliwa na watumishi wa Bara Hindi. Mrithi amepatikana, na mgeni amemaliza kazi yake. Hata hadithi ya mtoto aliyefaulu imeficha ndani yake swali la Yusuf: bustani ni ya nani?

Jamii nyingine zimejibu swali hilo mbele ya watu. Takadini, riwaya ya Ben Hanson ya mwaka 1997 ambayo vijana wa sekondari wa Tanzania wameisoma sana, inatupeleka kwa Washona wa Zimbabwe ya zamani. Sekai amekaa miaka bila mtoto, na anapojaliwa, mtoto ana ualbino, jambo ambalo desturi ya kijiji inamhukumia kifo. Mama anambeba mgongoni na kukimbia mpaka kijiji cha chifu Masasa. Ni kisa tofauti na vya Ulaya tangu mwanzo, kwa kuwa mtoto hafiki peke yake na hafikii nyumba ya tajiri mmoja. Anafikia kijiji, na kijiji kina utaratibu wa kumsikiliza mgeni, kumuuliza atokako, na wakubwa kukaa kuamua. Wapo wanaoogopa. Uamuzi unapotoka ni wa wote, hata wa walioogopa, na mwenye kinyongo analazimika kukitunza kwa siri au kukionyesha na kulaumiwa.

Kisha linakuja suala la jembe, na hapa Hanson ameona mbali. Takadini hawezi kushinda juani akilima na kuchunga kama wavulana wengine, na hao wavulana hawamsahaulishi. Chivero, mganga mzee aliyewapa hifadhi, anamfundisha kupiga mbira. Ni kazi iliyopimwa kwa mwili wake, kama kigoda cha Heidi. Na kwa kuwa mbira ina nafasi katika ibada na sherehe za Washona, kijiji kinakuja kumhitaji. Baadaye Shingai, msichana ambaye angeweza kuolewa na kijana yeyote mwenye nguvu, anamchagua yeye, na kinyongo cha waliokuwa wakikificha kinatoka nje na fimbo mkononi. Hanson hakusema kwamba uamuzi wa wakubwa ulimaliza chuki. Aliutenganisha ukubaliwaji na upendwaji, na akaonyesha kwamba mtoto anaweza kuanza kuishi kwa ule wa kwanza huku akingoja wa pili.

Nayaandika haya nikiwafikiria watoto walioko katika nyumba zetu. Desturi ya kumlea mtoto wa ndugu ni ya zamani kwetu, na imewaokoa wengi: mtoto anakwenda kwa shangazi mwenye nafasi, kwa bibi aliyebaki peke yake, kwa ami aliyeko mjini karibu na shule. Lakini tunamjua pia msichana wa miaka 13 aliyetoka kijijini kwa ahadi kwamba atasomeshwa. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anapika chai, anawapigia pasi sare watoto wa rika lake, anawasindikiza mpaka kwenye basi la shule na kurudi kudeki. Anaitwa dada na wote, pamoja na mzee wa nyumba. Nguo zake ziko kwenye mfuko nyuma ya mlango wa stoo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na inakataza kazi zenye madhara kwa mtoto, lakini ni vigumu sheria kuingia mahali ambapo kila mtu anasema huyu ni ndugu yetu, tunamsaidia tu. Hiyo ndiyo kauli ya Al-Aziz isiyochaguliwa upande. Jembe amepewa siku ile ile ya kwanza, bila kungoja ya tatu. Ukitaka kujua kama ni mwanenu, angalia kama ana kitanda, kama ana daftari, na kama akisema nataka kurudi kwa mama kuna mtu atakayemkatia tiketi.

Watoto wa fasihi yetu wanazidi kuandikwa. Ken Walibora, katika Siku Njema cha mwaka 1996, alimtoa kijana Tanga baada ya kufiwa na mama, akamvusha mpaka Kenya kumtafuta baba asiyemjua, na wanafunzi wa Kenya waliosoma riwaya hiyo bado wanaikumbuka safari ile. Huyo alikuwa na pa kwenda. Yule wa nyuma ya mlango wa stoo bado anangoja mwandishi wake, na natamani aandikwe kwa lugha hii, na mtu aliyepata kuwa yeye.

Yusuf anaondoka mwishoni mwa Peponi. Askari wa Kijerumani wanapita wakiokota vijana kwa ajili ya vita, na yeye, aliyekwisha kujificha salama, anatoka na kuwakimbilia. Wahakiki wamebishana kwa nini. Mimi nadhani ni kwa sababu mlango uliokuwa wazi mbele yake ulikuwa huo mmoja tu, mbaya jinsi ulivyo, na kijana wa umri wake hawezi kuishi mahali pasipo na mlango. Anayebaki ni Khalil. Yeye naye aliletwa pale akiwa mtoto, yeye na dada yake wa kulelewa, Amina. Martha naye alikuwa msichana mdogo alipotoka kwenye nyumba ya watoto 12 kwenda kuwasha mioto ya Misselthwaite, akiruhusiwa kwenda kwao mara moja kwa mwezi. Wao ndio waliowapokea wageni wetu wawili, na hakuna kitabu hata kimoja kati ya hivi viwili kilichokaa na usiku wao wa kwanza.